Sululu Mkubwa Yuko Kwenye Tope la Wiki Hii

Mtu akishuka Tabora mwezi wa Novemba na darubini shingoni, akauliza sululu mkubwa, ndege mgeni wa kutoka kaskazini, anaonekana wapi, jibu la kweli litamuudhi: inategemea mvua ya Jumanne. Hakuna bwawa wala shamba la kumwelekeza kwa msimu mzima. Jaruba, yaani kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa tuta, lililokuwa na ndege sita wiki iliyopita leo ni gumu kama kigae, au limejaa maji ya magotini na waliobaki ni vyura na yangeyange. Wengi hurudi mjini mikono mitupu kwa sababu wametafuta mahali, nao walipaswa kutafuta tope.

Sababu iko kwenye mdomo wa ndege mwenyewe. Sululu mkubwa, Gallinago media, huzaliana Skandinavia, Polandi, nchi za Baltiki na Urusi hadi Siberia. Hula minyoo na mabuu, na huwapata kwa kuchoma mdomo ardhini, mdomo wenye urefu wa sentimita 6 hadi 7. Ardhi ya huko ikiganda mdomo haupenyi tena, basi anaondoka mapema kabla haijaganda. Baridi yao ni masika yetu. Mwaka 2011 watafiti waliowafunga ndege wa Sweden vifaa vidogo vya kurekodi mwanga walichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi: ndege hao walikuwa wameruka kilomita 4,300 hadi 6,800 bila kutua, kwa siku mbili hadi nne tu. Kiumbe aliyevuka Sahara kwa mrusho mmoja hashindwi kuhama kutoka wilaya ya Uyui kwenda ya Sikonge kwa sababu jaruba limekauka.

Wapagazi wa Kinyamwezi wa zamani nao walikuwa na kalenda ya aina hiyo, ila kinyume chake: walitoka na misafara kiangazi, wakarudi mvua zikikaribia ili wawahi kulima. Sululu anaingia wakati huohuo wa jembe.

Sasa tope lenyewe. Udongo wa mbuga zetu, yaani tambarare za mabondeni zinazotuamisha maji, ni mfinyanzi mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, na nyufa nyingine zinameza mkono mzima. Mvua ya kwanza haibaki juu, inazama kwenye nyufa. Ndiyo maana kwenda mbugani kesho yake, kwa furaha ya kusikia radi, ni kupoteza nauli ya bodaboda. Nyufa zifunge kwanza. Hilo huhitaji mvua kadhaa nzuri zilizofuatana, kisha siku moja au mbili za kupumua ili maji ya juu yapungue. Baada ya hapo kuna dirisha la siku chache tu kabla udongo haujakauka tena au kufurika.

Kipimo chetu ni njiti ya mshikaki. Weka alama ya kalamu kwenye sentimita 7 kutoka nchani, isimamishe juu ya udongo, kisha isukume kwa kidole kimoja. Ikipinda, pagumu. Ikizama yenyewe bila kusukumwa, hapo ni uji, na ndege huyu hapendi uji. Wanaopenda uji ni wateja wengine tutakaowafikia. Ikiingia taratibu mpaka kwenye alama, kwa nguvu ya kidole hichohicho kimoja, hapo tembea. Pima sehemu tano au sita za jaruba, maana upande wa tuta na upande wa katikati haviko sawa. Anayeona haya kupiga magoti tope likimchafua suruali atatumia siku nzima kuzunguka sehemu ambazo njiti ingemkatalia kwa nusu dakika.

Majani nayo yana kipimo chake. Yakiwa chini ya kifundo cha mguu ndege hana pa kujificha mchana. Yakifika magotini na kuendelea, yakiwa mazito, hawezi kutembea. Tafuta ya kati, sentimita 20 hadi 40, yenye nafasi za udongo mtupu katikati: pembezoni mwa mbuga palipolishwa ng'ombe, majaruba ya mwaka jana yenye mashina ya mpunga uliovunwa, au shamba lililoachwa bila kulimwa. Ng'ombe ni rafiki wa kazi hii. Kwato zao hufungua majani na kulainisha udongo, na samadi huleta wadudu. Jaruba likishavurugwa na kupandikizwa, acha. Si la ndege tena, ni la mwenye mpunga, na kukanyaga miche ya mtu kwa ajili ya sululu ni ugomvi usio na utetezi.

Kwa Tabora dirisha kubwa ni kati ya nusu ya pili ya Novemba na mwisho wa Desemba. Baadaye maji huzidi, na wengi husonga kusini.

Mchana sululu mkubwa amelala kwenye majani, na rangi yake ya kahawia yenye michirizi ya manjano ni nyasi tupu. Hutamwona akiwa chini, na anayekwambia amemwona hivyo mara nyingi muulize vizuri. Ataruka kutoka miguuni mwako, mita tatu hadi tano, wakati mwingine ukiwa umeshampita. Kwa hiyo tembeeni watu wanne au watano kwa mstari mmoja, kila mtu mita tatu au nne kutoka kwa mwenzake, polepole, mkisimama kila baada ya hatua kumi na kuhesabu hadi tano. Kule kusimama ndiko kunakomrusha. Ndege anayevumilia nyayo zinazopita hushindwa kuvumilia nyayo zilizokoma. Anzeni na jua mgongoni, la sivyo mtaona kivuli cheusi kinachoondoka.

Kuna wanaoburuta kamba yenye chupa ili kufagia eneo kubwa kwa haraka. Inafanya kazi, hatubishi, lakini hatuipendi. Wakati huohuo kuna ndege wenyeji wametaga kwenye majani yaleyale, na kamba haichagui.

Akisharuka una sekunde tatu. Usiinue darubini mara moja. Kosa hili ndilo linalowanyima watu wengi uhakika. Tazama kwanza kwa macho matupu jinsi anavyoruka, kwa sababu mwendo ni nusu ya jibu. Sululu mkubwa huruka chini, moja kwa moja, mzito kama kwale mnene, kimya au kwa mkoromo mfupi, na hutua tena baada ya mita hamsini hadi mia. Sululu wa kawaida wa kaskazini, Gallinago gallinago, huchomoka mbali zaidi, hulia kwa sauti ya kukwaruza, hukata kona huku na huku na kupanda juu sana. Sululu wa Afrika, Gallinago nigripennis, naye hulia na kukata kona, lakini mbawa zake ni nyeusi zaidi na mdomo wake ni mrefu kupita kiasi, unazidi wa sululu mkubwa kwa sentimita mbili au tatu. Huyo ni wa nyanda za juu zaidi kuliko mbuga zetu, ila si wa kufutwa kwenye hesabu.

Sasa darubini. Angalia tumbo: la sululu mkubwa lina mistari ya mkingamo mpaka chini, la wale wawili lina eneo jeupe lililo wazi. Angalia ukingo wa nyuma wa bawa: sululu wa kawaida ana mstari mweupe unaoonekana wazi, mkubwa hana, badala yake ana mistari myembamba myeupe katikati ya bawa. Mwisho, wakati anatua, hufungua mkia, na pembe zake mbili huwaka nyeupe. Anayeona pembe nyeupe, mistari tumboni na mruko wa moja kwa moja ameshamaliza. Mwenye kimoja tu kati ya hivyo aandike "sululu" na kuishia hapo. Daftari lenye sululu wasiojulikana wengi linaaminika kuliko lenye sululu wakubwa kila ukurasa.

Yupo pia mwongo wa jaruba: Rostratula benghalensis, mwenyeji, mwenye mdomo mrefu na umbo la sululu, naye huruka kutoka miguuni. Mruko wake ni wa kivivu, miguu inaning'inia, na mbawa ni za mviringo. Jike ndiye mwenye rangi kali, shingo ya kahawia nyekundu na duara jeupe jichoni. Wanaoanza humwandika kuwa sululu mkubwa karibu kila safari. Si aibu, ila wasiwahi kutangaza.

Mkimrusha ndege mara moja, mwacheni. Tia alama alipotua kwa kulinganisha na mti ulio nyuma yake, ili mzunguke pembeni msimrushe tena. Ndege huyu anajaza mafuta mwilini; kila mrusho wa bure unayachoma. Kumpigia sauti iliyorekodiwa ni kazi bure kabisa. Sauti zile ni za madume wanaokusanyika kujionyesha kwa majike huko kaskazini mwezi Mei, na huku hana jike wa kumwimbia.

Njia tunayoipenda kuliko kutembea ni kusubiri jioni. Giza likiingia sululu huondoka alipolala kwenda kula kwenye tope laini zaidi, na hupita juu ya vichwa vya watu mmoja mmoja. Kaa upande wa mashariki wa jaruba, utazame magharibi penye mwanga wa mwisho. Mwanzoni mwa Desemba jua la Tabora huzama kama saa 12:50 jioni, na la Kigoma dakika 13 baadaye. Anayetoka Dar es Salaam na mazoea ya pwani atafungasha vitu dakika 25 kabla ya wakati. Ndege huanza kupita robo saa hivi baada ya jua kuzama, na shughuli nzima haizidi dakika ishirini. Hapo huoni tumbo wala mkia, unahesabu tu vivuli vizito vyenye midomo. Tochi ibaki mfukoni mpaka mwisho.

Kabla ya hayo yote kuna watu. Mbuga haina mlango lakini ina wenyewe. Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, ukiwa na kitambulisho, na useme idadi yenu na siku mtakazokuwepo. Darubini inamtia mtu mashaka: wengine watadhani mmekuja kupima ardhi, wengine mnatafuta madini, na wakulima wa mpunga watauliza kama hatimaye mmeleta ndege ya kunyunyizia dawa ya kweleakwelea. Jibu kwa ukweli na kwa ufupi. Usielekeze darubini kambi za jeshi, uwanja wa ndege wala madaraja ya reli, hata kama tai mzuri ametua hapohapo.

Ukishaamkia, "Shikamoo mzee", usianze kwa kutoa picha. Ukimwonyesha mtu picha, kwa adabu atakubali kwamba huyo yupo, na atakubali pia picha ya pili na ya tatu. Uliza tabia: "Mzee, kuna ndege hapa anayekurupuka miguuni mpaka mtu anashtuka?" Mchungaji wa miaka kumi na mbili atakupeleka mpaka kwenye tuta lenyewe, na mara nyingi atakwambia walikuwa wangapi jana jioni. Kijana huyo apewe nafasi kwenye mstari, na jina lake liandikwe kwenye daftari lenu la kazi kama mtazamaji mwenzenu.

Pale njiti inapozama yenyewe, kwenye ule uji, kuna kundi jingine la wageni, na hao hawajifichi. Bwawa la Igombe, kaskazini ya mji, mwishoni mwa kiangazi huwa limerudi nyuma na kuacha ufukwe mpana wa matope. Oktoba na Novemba mapema, kabla maji hayajapanda, ndipo vitwitwi, ndege wadogo wanaokula matopeni, hujaa. Ugumu hapa ni joto. Kufika saa tatu asubuhi hewa juu ya tope huanza kucheza, na darubini ya kusimamisha ya mara 60 itaonyesha ndege wanaochemka. Tumia mara 20 au 30, na umalize hesabu kabla ya saa mbili na nusu. Jifunze kwanza kitwitwi aitwaye Tringa glareola, aliye wengi kuliko wote, mpaka umjue hata akiwa amekupa mgongo. Wengine wote utawapima kwake. Ndugu yake Tringa ochropus humchanganya kila mtu, kwani wote wana kiuno cheupe wakiruka. Angalia chini ya bawa: la ochropus ni jeusi, la glareola ni la kijivu hafifu. Kigoma mambo haya ni tofauti kidogo, kwa sababu mwambao wa Tanganyika ni wa mawe na mchanga. Anayekaa kwenye mawe, peke yake, akinesanesa kiuno bila kuchoka ni kitwitwi mwingine, Actitis hypoleucos, na kwa wageni wa matope afadhali kwenda majaruba ya bonde la Luiche karibu na Ujiji.

Vifaa tuvipitie haraka. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 yenye lenzi ya milimita 42, inatosha. Ya mara 10 hutikisika mkononi na eneo lake la kuona ni dogo mno kwa ndege anayekurupuka. Gambuti ni lazima, kwanza kwa ajili ya kichocho kwenye maji yaliyotuama, pili kwa ajili ya nyoka aina ya moma. Ukiingia misitu ya miyombo ya upande wa Ugalla, acha nguo za bluu na nyeusi nyumbani, maana mbung'o huzifuata rangi hizo. Radi ikianza kusikika mbugani, kunja miguu mitatu ya chuma ya darubini uondoke. Kwenye tambarare lile wewe ndiye mti. Usiku hifadhi darubini kwenye kopo linaloziba, pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, la sivyo ukungu utaota ndani ya kioo kabla ya Krismasi, na huo hausafishiki kwa kitambaa. Vumbi la nje lipulize kwanza ndipo ufute. Anayefuta mchanga kwa pindo la kanga anapiga msasa kioo chake.

Daftari lina mambo machache: tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya watu, vipimo vya mahali kutoka kwenye simu, hali ya njiti, urefu wa majani, mvua ya mwisho ilinyesha lini, kisha ndege. Siku ya sifuri iandikwe vilevile. Sifuri ya tarehe 3 Desemba kwenye tope zuri inasema jambo ambalo ndege kumi wa tarehe 10 hawawezi kulisema bila hiyo. Kumbukumbu hizi zinapokelewa na Atlasi ya Ndege ya Tanzania, na za maji zina nafasi yake Januari, wakati wa hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini. Mikoa yetu miwili, Tabora na Kigoma, ina Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza la nchi hii kuingia orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhioevu, mwaka 2000, lakini watazamaji wa kudumu huku ni wachache kuliko Arusha, na sululu mkubwa yuko kwenye kundi la ndege wanaokaribia kuwa hatarini duniani. Ukiokota ndege aliyekufa mwenye pete mguuni, piga picha ya pete pande zote na unakili kila herufi na namba. Ila karibu na mashamba yaliyonyunyiziwa dawa ya kweleakwelea, usimshike kwa mkono mtupu hata awe na pete ya dhahabu.

Januari majaruba yote yamepandwa, na hapo geukia miyombo. Wageni wa huko husafiri na makundi ya wenyeji. Utatembea nusu saa bila kusikia hata sauti moja, ghafla mti mzima umejaa. Sikiliza mlamba, yule ndege mweusi mwenye mkia wa panda, kwa sababu kundi zuri mara nyingi lina mlamba, kisha simama palepale kundi likupitie, ukilikimbilia linavunjika. Usisimame chini ya mzinga wa nyuki. Anayetafutwa sana ni Ficedula albicollis, ndege mdogo anayekamata wadudu hewani. Mpaka mwisho wa mwaka dume lake ni la kijivu kama jike, na watu humpita bila kujua. Hubadilisha manyoya kabla ya safari ya kurudi, hivyo Februari na mwanzo wa Machi ndipo kola nyeupe shingoni inapokamilika. Wiki tatu hivi, kisha hayupo.

Wa mwisho kuaga hawahitaji kutafutwa. Kuanzia mwisho wa Machi keremkerem wa Ulaya, Merops apiaster, hupita juu kuelekea kaskazini, na sauti yao ya kubiringika hufika kabla yao. Warina asali hawawapendi, na wana sababu: humkamata nyuki, humsugua kwenye tawi mpaka mwiba utoke, humeza. Mahali pazuri pa kuwahesabia ni karibu na mizinga, saa nne asubuhi, nyuki wakiwa wametoka kwa wingi. Omba ruhusa ya mwenye mizinga kwanza, na ukae upande ambao upepo hausukumi harufu yako kwenye mlango wa mzinga.